Kabla ya Kutia Saini Mkataba wa Ulinzi na Taifa Kubwa

Nchi ndogo inayopakana na jirani mwenye nguvu haiwezi kulaumiwa kwa kutafuta mlinzi. Finland, iliyokaa kwa miongo mingi nje ya NATO, muungano wa ulinzi wa Marekani, Kanada na nchi za Ulaya, iliomba kujiunga nayo baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, mlinzi akiwa na mazoea ya kupeleka majeshi katika nchi za watu, mkataba wake unapaswa kusomwa kwa uangalifu wa pekee, kwa kuwa anayejifunga naye hujitwisha pia vita vyake.

Wengi huamini kwamba mkataba wa aina hii humlazimu mkubwa kuja kupigana mara tu mdogo anaposhambuliwa. Maandishi hayasemi hivyo. Kifungu cha 5 cha mkataba wa NATO wa mwaka 1949 humwachia kila mwanachama achukue hatua anayoona inafaa, na mkataba wa ANZUS, uliotiwa saini na Australia, New Zealand na Marekani mwaka 1951, humtaka kila mmoja akabili hatari ya pamoja kwa kufuata taratibu za katiba yake. Ulegevu huo ni wa makusudi, kwani hakuna taifa kubwa linalokubali kumkabidhi mwingine uamuzi wa kuingia vitani. Linalonishughulisha zaidi ni kwamba ahadi ya ulinzi katika kila mkataba kati ya hiyo miwili imewahi kutumiwa rasmi mara moja tu, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na aliyeungwa mkono mara zote mbili ni Marekani. Denmark, nchi yenye watu wapatao milioni 6, ilipoteza zaidi ya askari 40 katika vita vilivyofuata nchini Afghanistan.

Kuburutwa vitani hakuhitaji hata amri. Australia ilipeleka majeshi Vietnam ingawa haikuwa imeshambuliwa na Vietnam. Viongozi wake walichelea kwamba wasipoonekana bega kwa bega na Marekani, nao wangeachwa siku watakapopatwa na shida. Ili kupata askari, kuanzia mwaka 1965 serikali iliendesha bahati nasibu: gololi zenye namba, kila moja ikiwakilisha tarehe ya kuzaliwa, zilitiwa ndani ya pipa na kuchotwa, na kijana wa miaka 20 ambaye tarehe yake ilitoka aliweza kuandikishwa jeshini kwa lazima. Waaustralia zaidi ya 500 walikufa katika vita hivyo.

Tabia ya mlinzi kupeleka majeshi katika nchi za watu si ya dola moja. Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1955, uliounganisha Umoja wa Kisovieti na washirika wake wa Ulaya Mashariki, uliahidi, katika kifungu chake cha 8, kuheshimu uhuru wa wanachama na kutoingilia mambo yao ya ndani. Agosti 1968 majeshi ya Umoja wa Kisovieti na ya washirika wake yaliingia Czechoslovakia, nchi mwanachama, kuzima mageuzi ya kiongozi wake, Alexander Dubček, na askari wa Kisovieti hawakuondoka hadi mwaka 1991.

Kambi za kijeshi ndizo sehemu ngumu zaidi kufumua. Mwaka 1903 Cuba iliikodisha Marekani eneo la Guantánamo, na makubaliano yenyewe yalieleza kwamba lengo mojawapo ni kuiwezesha Marekani kulinda uhuru wa Cuba. Miaka mitatu baadaye majeshi ya Marekani yaliikalia Cuba hadi mwaka 1909. Mkataba wa mwaka 1934 ulisema ukodishaji utakoma kwa maafikiano ya pande zote mbili au Marekani ikiondoka yenyewe, bila kuweka ukomo wa miaka. Kambi ipo mpaka leo, huku serikali ya Cuba ikiipinga. Kwa hiyo mbunge anayeletewa mkataba wa kuuridhia aanze na kifungu cha kujitoa, kisha aulize nani ataamua ndege na meli zilizomo kambini zitumike dhidi ya nani.

Swali hilo la pili lilijibiwa na Bunge la Uturuki tarehe 1 Machi 2003, wakati meli za Marekani zilizosheheni zana zikisubiri katika Bahari ya Kati. Wabunge 264 waliunga mkono majeshi ya Marekani kupita nchini mwao kwenda kuivamia Iraq na 250 walipinga, lakini 19 hawakuelemea upande wowote, hivyo hoja ikakosa wingi wa waliohudhuria na kuanguka. Uturuki ilibaki mwanachama wa NATO.

New Zealand ililipa zaidi. Mwaka 1985 iliikatalia meli ya kivita ya Marekani kuingia bandarini, kwa kuwa Marekani haikuwa tayari kuthibitisha wala kukanusha kama ilibeba silaha za nyuklia. Mwaka uliofuata Marekani ilisitisha wajibu wake wa ulinzi kwa nchi hiyo. New Zealand haikurudi nyuma, bali mwaka 1987 iliufanya msimamo wake kuwa sheria. Novemba 2016 manowari ya Marekani ilitia nanga tena katika maji yake, na sheria ile ilikuwa bado inatumika.