Mapezi yaliyolika: tazama kidonda kilipo kabla ya kutafuta dawa

Samaki akitoka majini na mkia uliochanika, wengi husema papo hapo kwamba ni ugonjwa. Mara nyingi bakteria hufika baadaye, pezi likiwa limekwisha kuumizwa na jambo jingine. Ndiyo maana naanza kwa kuuliza: ni pezi lipi, na kingo zake zikoje?

Msimu wa kutaga, dume la samaki aitwaye besi husafisha kiota kwa kupigapiga mkia chini, na trauti jike, samaki wa maji baridi, hufukua changarawe vivyo hivyo. Sehemu ya chini ya mkia hulika, hata kuvuja damu, huku mapezi mengine yakiwa mazima. Huyo hahitaji dawa. Mrudishe majini upesi.

Trauti wa kufugwa ana alama zake. Pezi la mgongo likibaki kisiki kinene chenye kingo nyeupe, kwa kawaida wenzake wamekuwa wakiling'ata. Mapezi ya kifuani yakiisha, kagua sakafu na kuta za tangi, kwani saruji yenye makwaruzo huyasugua kutwa. Kupunguza idadi ya samaki pekee hakutoshi ikiwa chakula kinamwagwa pembe moja, kwa sababu wakubwa huipigania pembe hiyo. Tawanya chakula eneo lote, gawa mara kadhaa kwa siku, na utenge samaki kwa ukubwa. Chakula chenye upungufu wa laisini (kijenzi cha protini) nacho hufanya mkia wa trauti ulike, na hapo hakuna dawa ya majini itakayosaidia.

Wavuvi nao wanachangia. Wavu wa mkono wenye mafundo ya nailoni hupasua utando katikati ya miale ya mkia (vijiti vinavyoshikilia pezi), hasa samaki akipapatika muda mrefu. Tumia wavu wa mpira usio na mafundo, lowesha mikono kabla ya kumshika, na usimburute juu ya mawe wala sakafu kavu.

Maambukizi yana sura yake. Bakteria Flavobacterium columnare hushamiri maji yakipita nyuzi 20 za Selsiasi: kingo huwa na utando wa kijivu au manjano, na doa lenye umbo la tandiko huweza kutokea mgongoni. Bakteria mwenzake, Flavobacterium psychrophilum, hupenda baridi, na kwa trauti mara nyingi huanzia shina la mkia. Nyuzi kama pamba ni ukungu wa Saprolegnia, ambao karibu kila mara huota juu ya kidonda cha awali. Vipovu ndani ya utando wa mapezi huashiria maji yenye gesi iliyozidi kiasi. Kagua pampu inayovuta hewa, na umwagishe maji kwa matone kabla hayajaingia tangini.

Kabla ya dawa yoyote, pima amonia, oksijeni na joto. Kwa trauti, oksijeni isishuke chini ya miligramu 6 kwa lita. Maji yakiwa mabaya, dawa huongeza tu mzigo kwa samaki aliyekwisha kuchoka.

Miale hukua tena ikiwa shina la pezi limebaki. Utando mpya huwa mwembamba na angavu ukingoni, na miale iliyopona hujikunja au kunenepa pale ilipovunjika. Ukiona hivyo, jeraha ni la zamani na chanzo chake huenda kimekwisha. Kidonda kikifika kwenye shina lenyewe, pezi halirudi.