Yanihusu nini kuwahukumu walio nje?

Nafundisha Agano Jipya, na kila tukifika Yohana 3:16, kwamba Mungu aliupenda ulimwengu, haikosi mkono kunyooshwa: "Mwalimu, mbona Waraka wa Kwanza wa Yohana unasema tusiipende dunia?" Swali la haki. Jibu liko palepale, sura ya 2 mstari wa 16: kinachokatazwa ni tamaa ya mwili, tamaa ya macho na kiburi cha uzima. Hayo hukaa mioyoni mwetu sote, hata sisi tunaokaa viti vya mbele. Jirani asiyesali hatajwi hapo.

Lakini mimi hulipeleka darasa langu Korintho, mji wa kale wa Ugiriki. Mji ule ulikuwa na bandari mbili, Lekaio na Kenkrea, na mahekalu ya miungu mingi. Mtume Paulo alikaa huko mwaka mmoja na nusu, akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Fundi anayeishi kwa kazi ya mikono yake hawezi kumuuliza kila mteja anaabudu nini.

Baadaye aliwaandikia waumini wa huko wasichangamane na wazinzi, wakamwelewa vibaya. Katika 1 Wakorintho 5 anawasahihisha: hakumaanisha wazinzi wa dunia hii, "maana hapo ingewalazimu kutoka katika dunia". Ukali wake wote unamwangukia ndugu wa kanisani anayeishi na mke wa baba yake, huku waumini wakijivuna. Kisha anauliza: "Kwa maana yanihusu nini kuwahukumu wale walio nje?" Hao anamwachia Mungu.

Sisi tumegeuza mambo. Pita stendi ya daladala jioni: spika imefunguliwa mpaka mwisho, mhubiri anamnyooshea kidole binti aliyevaa suruali ya kubana, anamtangazia jehanamu mbele ya abiria. Binti anainamisha kichwa, anapanda gari lolote lililo karibu. Wakati huohuo mzee wa kanisa aliyekula michango ya ujenzi anaombewa na kupewa kipaza sauti. Hili linaniumiza sana, kwa sababu yule binti ndiye Yohana 3:17 inamsema: Mungu hakumtuma Mwana ili auhukumu ulimwengu.

Je, dhambi isikemewe? Ikemewe. Katika Yohana 8 (habari isiyokuwemo katika nakala za kale zaidi za Injili hiyo, ingawa kanisa limeitunza) Yesu anamwambia mwanamke aliyefumaniwa, "usitende dhambi tena". Ila anayasema hayo wenye mawe wakiwa wameshaondoka, na baada ya kumwambia, "Wala mimi sikuhukumu."

Wanafunzi huniuliza pia kama waende harusini kwa jirani anayepika pombe. Paulo alishaulizwa mambo ya namna hiyo, na jibu liko 1 Wakorintho sura ya 10: asiyeamini akiwaalika, nanyi mnataka kwenda, kuleni kila kiwekwacho mbele yenu bila kuuliza-uliza. Basi nendeni, na mchango wa harusi mtoe mapema.