Ukichimba choo ukakuta vigae: habari za Malindi, Mambrui na watu wa Mto Sabaki

Malalamiko yameongezeka sana. Kuanzia Mambrui mpaka huku Shela na Barani watu wanajenga, ploti zinakatwa, tipa zinabeba mchanga wa Sabaki kutwa, na kila mara kuna mtu anatupigia kutwambia kaburi la zamani limevunjwa ama kuna vijana wameonekana usiku na sururu wakitafuta "mali ya Wareno". Ndio maana ofisi yetu ya makumbusho hapa Malindi inafanya kampeni hii ya kuelimisha umma, na mimi kama mtu wa mambo ya kale nimeambiwa niandike. Najua wengi wenu hamna nia mbaya. Lakini kuna mambo yanarudiwa kila siku na si kweli, na mengine yanatuharibia kitu ambacho hakirudi tena.

Nianze na hii ya mali. Chini ya kaburi la mnara, yale ya zamani yenye nguzo ya mawe juu yake, kuna mtu aliyezikwa, basi. Hakuna sanduku, hakuna dhahabu, hakuna jini anayelinda fedha. Zile sahani za Kichina zilikuwa zimepachikwa nje kwenye kuta kwa urembo na heshima ya marehemu, na nyingi zilishang'olewa zamani, yanabaki matundu tu ya duara. Ukienda Mambrui kwenye kaburi lile la mnara utaona nilichosema. Kwa hiyo anayevunja kaburi anavunja kaburi, hakuna jina lingine la kitendo hicho.

La pili, na hili ndio linaniuma zaidi, ni watu kutuletea ubishi wa nani mwenyeji na nani mgeni. Mtu anataka nimwandikie barua kuthibitisha mji huu ni wa kabila lake. Siandiki barua hiyo, na sababu yenyewe iko chini ya ardhi.

Huu mto wetu unaanzia bara upande wa Nairobi ukiitwa Athi, ukipita Tsavo unaitwa Galana, ukikaribia bahari ndio Sabaki. Maji hayo ndio yanaleta udongo, na msimu wa mvua mnaiona bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mabonde yake ndio yalilisha miji. Na wataalamu wa lugha walipotafuta jina la kundi moja la lugha za Kibantu za pwani waliuchukua mto huu, wakaziita lugha za Kisabaki. Ndani yake kuna Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, lugha za Komoro na Kiilwana cha kule juu Mto Tana. Yaani zote zina mama mmoja. Mswahili anasema maji, Mgiriama anasema madzi, huyu jina yule dzina, huyu jua yule dzuwa. Sasa anayesema hawa watu wawili hawana uhusiano asikilize tu wauza samaki wanavyoongea na akina mama wa mboga sokoni asubuhi.

Mambrui pale ng'ambo ya mto watu wengi wanapaona kijiji cha kupitia ukienda Gongoni. Huko, kwenye uchimbaji wa kitaalamu wa Makumbusho ya Taifa pamoja na Chuo Kikuu cha Peking, mwaka 2010 ilipatikana sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424. Pia kulipatikana mabaki ya kufua chuma, ile takataka nyeusi nzito ambayo mafundi wa zamani waliita mavi ya chuma. Msomi wa Kiarabu Al-Idrisi aliandika karne ya 12 kwamba watu wa Malindi walikuwa wanachimba chuma na kukiuza. Ukiona jiwe jeusi zito lina matundu kama sponji shambani kwako, usilitupe kwenye kifusi. Linaonyesha kazi ya mtu, na huyo mtu hakuacha maandishi mengine.

Halafu yule twiga anayesemwa alipelekwa China. Ndio, ni kweli, mwaka 1415 twiga wa Malindi alifika China kwa mfalme huyo huyo Yongle. Huo ni umri wa karibu miaka 80 kabla Mreno Vasco da Gama hajaiona bandari hii. Da Gama alifika Aprili 1498, mfalme wa Malindi akampokea vizuri kwa sababu alikuwa na uhasama na Mombasa na alitaka rafiki mwenye mizinga, akampa rubani wa kumwongoza baharini, na Mei 20 akafika Calicut kule India. Waongoza watalii wetu naomba mnisikilize hapa: yule rubani msiendelee kuwaambia wageni ni Ahmad ibn Majid, yule baharia maarufu wa Kiarabu. Wanahistoria wengi wameshaliacha jambo hilo, na maandishi ya Wareno yanamtaja mtu wa Gujarat. Tumelisema hili kwenye semina, tumelisema kwa mdomo, na bado nalisikia pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama kila wiki.

Urafiki na Wareno haukuwaachia Malindi kitu. Mwaka 1589 Wazimba, watu wa vita kutoka upande wa Zambezi, walipokuja, majirani zetu Wasegeju ndio waliwaokoa watu wa mji, kisha 1593 ngome ya Mombasa ilipoanza kujengwa, mtawala wa Malindi akahamia huko na mji ukaanza kufa. Waorma wakashuka, watu wakakimbia, na mmisionari Krapf alipopita miaka ya 1840 alikuta magofu na msitu. Kwa hiyo mji tunaoishi sasa ulianza upya. Ulifufuliwa 1861 na Sultan Majid wa Zanzibar kwa kuleta askari, wengi wao Wabaluchi. Wakaja Waomani, Washihiri kutoka Hadhramaut, Wabajuni kutoka juu, Wahindi wa Bohra na maduka yao. Na wakaletwa watumwa, maelfu, waliolima mtama na ufuta wa Malindi na Mambrui ukajaza majahazi kwenda Uarabuni.

Hapa watu huwa wananyamaza na mimi sitaki kunyamaza. Wajukuu wa wale watumwa wako hapa, ni majirani zetu, wengine ni sisi wenyewe. Waliotoroka waliitwa watoro na walijenga vijiji vyao bara, kama Fuladoyo, wakaishi na kulima karibu na Wagiriama. Utumwa kisheria ulifutwa pwani ya Kenya 1907, na wengi waliondoka mashambani bila ardhi wala karatasi. Nyumba ya mtumwa ilikuwa ya udongo na makuti, haikuacha gofu, ndio maana nawaambia kigae cha chungu cha kawaida kisichong'aa kina thamani kwetu kuliko hata sahani ya Kichina. Sahani ya Kichina tunazo. Chungu cha mama aliyepikia watu wa shamba hatuna vya kutosha.

Wagiriama nao hawakuja juzi kutafuta kazi hotelini kama wengine wanavyodai. Walilima kaskazini ya Sabaki, na Waingereza wakawaamuru 1914 wahame ng'ambo hiyo yenye rutuba warudi kusini. Mekatilili wa Menza, yule mama kiongozi wa Wagiriama, alikuwa ameshawaapisha watu kukataa kodi na kazi za lazima, akakamatwa 1913 akapelekwa mbali bara, akatoroka, na Agosti 1914 Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ikalipuliwa na Waingereza kwa baruti. Nyumba zilichomwa. Baadaye watu walirudi wakavuka mto tena. Hiyo pia ni historia ya mji, manake mashamba yale ndio yalikuwa yanalisha soko.

Waitaliano nao, watu wengi wanafikiri waliletwa na bichi. Walifika Ngomeni miaka ya 1960 na kituo chao cha kurusha roketi, na Desemba 12, 1970 ikarushwa setilaiti ikaitwa Uhuru. Watalii wakafuata.

Sasa utaratibu, na hapa naomba msome polepole.

Sheria ni ile ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Kitu cha kale kilicho ardhini ni mali ya serikali, hata kama hati ya ploti ina jina lako. Ukikipata, iwe ni ukuta, kaburi, kigae, shanga, sarafu ama mifupa ya zamani, una siku saba za kutoa taarifa kwa Makumbusho, ukieleza ulikipata wapi hasa na ilikuwaje. Siku saba zinahesabiwa toka siku ulipokiona, si toka siku umemaliza kumwaga slabu. Ukileta kitu chenyewe, tunakipokea kwa maandishi na jina lako linaingia kwenye rekodi kama aliyekipata. Kutoripoti ni kosa. Kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa lingine tofauti, hata kama hukupata kitu, na kusema "nilikuwa nachimba shimo la taka" saa nane usiku kando ya kaburi hakukusaidii kortini. Kutoa kitu nje ya nchi bila kibali ni kosa la tatu, na hapo nawaambia pia nyinyi mnaouzia wageni vigae bichi, mgeni akishikwa nacho uwanja wa ndege wa kwanza kuulizwa ni nani alimuuzia. Adhabu ni faini ama kifungo ama vyote viwili, na kitu kinachukuliwa.

Tukija, mara nyingi tunapiga picha, tunapima, tunachora, tunaondoka. Kuna wanaoficha wakiamini makumbusho ikifika shamba limekwenda. Si hivyo. Hata eneo likitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kama urithi, kwanza linatolewa tangazo, watu wanapewa muda wa kupinga, pingamizi zinapelekwa kwa waziri, ndipo uamuzi. Na umiliki unaweza kubaki kwa mwenyewe, angalia nyumba za Lamu mji wa kale, watu wanaishi ndani na wanarithishana. Kinachobadilika ni kwamba huwezi kubomoa ama kubadilisha bila kuuliza kwanza.

Ukigonga ukuta ama mifupa, msimamishe fundi hapo tu, si ujenzi wote. Usisafishe kitu kwa sabuni wala brashi ya chuma. Piga picha kikiwa bado pale pale kilipo, weka kalamu ama kiberiti pembeni tujue ukubwa. Mwambie chifu ama mzee wa mtaa, halafu fika ofisini kwetu pale jengo la nguzo ufukweni.

Na kama umeletewa mchanga wa kujengea ukaona umechanganyika na vigae ama shanga, usimfukuze dereva wa tipa wala usimgombeze. Muulize tu alichota upande gani wa mto, karibu na mti gani, kina kiasi gani, uandike kwenye karatasi. Bila hiyo karatasi, kigae ulicholeta hatuwezi kukirudisha mahali pake.