Maana ya CCRC, na kwa nini hakuna "aliyeinunua"

Nimeisikia tena wiki hii, na safari hii kwa mtu ninayemheshimu, mtu msomi kabisa: "wazazi wake wameuza nyumba wakanunua nyumba ya wazee huko Marekani". Nimeshindwa kunyamaza manake kwenye hiyo sentensi fupi kuna makosa mawili, na yote mawili yanaweza kumgharimu mtu hela za maisha yake yote.

Maana yenyewe haraka haraka. Hiyo wanayoiita nyumba ya wazee ni CCRC, kifupi cha Kiingereza "continuing care retirement community", yaani makazi ya wastaafu yenye ngazi tatu za matunzo ndani ya eneo moja. Unaingia ukiwa mzima, unakaa kwenye apatimenti yako, unapika, unaendesha gari lako. Baadaye ukianza kushindwa kuoga au kukumbuka dawa unahamia upande wa kusaidiwa. Ukizidiwa kuna upande wa kuuguzwa wenye manesi usiku na mchana. Unalipa kiingilio kikubwa mara moja, halafu ada kila mwezi. Ndo hivyo tu.

Sasa "nyumba ya wazee" kwa wengi wetu ni ule upande wa mwisho peke yake, pa kuuguzwa. Ukiita eneo zima hivyo ni kama kuita hospitali nzima wodi. Na kuna sababu nyingine inayoniuma, mzee wa miaka 70 anayetembea kilomita tatu kila asubuhi akisikia unampeleka "nyumba ya wazee" atakataa siku hiyohiyo, na akija kukubali akiwa mgonjwa atakuta mlango umefungwa, kwa sababu mikataba mingi ya aina hii inataka uingie ukiwa na afya, wanakupima kwanza. Kwa hiyo jina baya linamchelewesha mtu mpaka nafasi inampita.

Halafu wanaojitahidi kutafsiri hiyo "continuing care" wanaandika "matunzo endelevu". Hapo naomba tukae kidogo. Endelevu imetoka kwenye kuendelea, sawa, ila ile -vu ya mwisho inataja sifa iliyo ndani ya kitu chenyewe: kutulia, mtulivu, kuvumilia, mvumilivu, kusikia, msikivu. Na neno endelevu lenyewe tulishalipa kazi yake, maendeleo endelevu, kilimo endelevu, yaani kitu kinachoweza kudumu bila kumaliza kinachokilisha. Ukisema "matunzo endelevu" unamwambia msomaji kwamba mpango huu utadumu tu, hauwezi kuanguka. Hakuna aliyeahidi hivyo! Kinachoendelea ni matunzo kumfuata mtu hali yake ikibadilika, leo anajitegemea, kesho anasaidiwa, keshokutwa anauguzwa, bila kuhama eneo. Mi ningesema "makazi ya wastaafu yenye ngazi za matunzo", ni refu ila halidanganyi.

Na kudumu ndio hasa kitu cha kuulizia. Mwaka 1977 Pacific Homes, makazi ya wastaafu kule California na majimbo mengine yaliyokuwa na uhusiano na kanisa la Methodisti, yalifilisika. Walikuwa wameuza mikataba ya kumtunza mtu mpaka afe, watu wakaishi miaka mingi kuliko hesabu, gharama zikapanda, na kiingilio cha wageni wapya kikawa kinalipia matunzo ya waliotangulia mpaka hesabu ikagoma. Mwaka 2009 kampuni nyingine kubwa, Erickson, nayo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Hata jina wenyewe walilibadilisha, mwaka 2015 chama cha watoa huduma hizi, LeadingAge, kilianza kupigia debe jina lingine lenye maana ya "jumuiya ya mpango wa maisha", na mi hilo silipendi kabisa, wameondoa neno matunzo wakati ndilo lililobeba mzigo wote.

Sasa hilo la kununua. Ukinunua nyumba unapata hati, unaweza kuiuza, unaweza kuwarithisha watoto. Hapa, kwa kawaida, hupati hati. Kiingilio kinakupa haki ya kukaa na haki ya kutunzwa, yaani umenunua ahadi, kitu kilicho karibu zaidi na bima kuliko nyumba. Ndo maana Florida wanaosimamia makazi haya ni ofisi ya usimamizi wa bima! Usimamizi wenyewe uko kwa majimbo, hakuna sheria moja ya nchi nzima, kwa hiyo ulinzi unaopata unategemea uko jimbo gani.

Ukishaelewa kwamba ni ahadi ndo faida na hasara zinaanza kuonekana vizuri. Mkataba wa aina A, kiingilio ni kikubwa ila ukihamia kuuguzwa ada yako inabaki karibu ileile. Aina B unapewa siku kadhaa au punguzo, zikiisha unalipa zaidi. Aina C kiingilio ni kidogo ila siku ya kuuguzwa unalipa bei kamili. Na usitegemee Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, yenyewe inalipia kuuguzwa mpaka siku 100 tu, tena baada ya kulazwa hospitali, na kuanzia siku ya 21 unachangia. Matunzo ya miaka na miaka haigusi. Kwa hiyo aina A kwa mtu anayekuja kuugua muda mrefu ni nafuu kubwa mno, na kwa anayefariki ghafla akiwa mzima ni hela imeenda. Hakuna anayejua atakuwa yupi.

Uliza pia kiingilio kinarudije. Kuna mikataba kinapungua asilimia 2 kila mwezi, tuseme umelipa dola 300,000, ukiondoka baada ya miezi 20 unarudishiwa 180,000, baada ya miezi 50 hamna kitu. Kuna inayoahidi kurudisha asilimia 90 ila mpaka apatikane mtu mwingine wa kuingia kwenye apatimenti yako, na hapo watoto wanasubiri. Na ada ya mwezi inapanda karibu kila mwaka.

Ila faida moja naitaja kwa moyo wote: wanandoa. Mmoja akipoteza kumbukumbu mwingine bado mzima, kwingine wanatenganishwa kwa mwendo wa gari, hapa anavuka uwanja tu kwa miguu anaenda kunywa naye chai kila siku. Hilo sijui unaliwekea bei gani.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema fulani kanunua nyumba ya wazee, usimkaripie, hata mi nilisema hivyo miaka mingi. Mwambie taratibu: amelipa kiingilio, kwenye makazi yenye ngazi za matunzo. Halafu muulize kama wameusoma mkataba, ni A, B au C.