Hasira imempanda nani?

Juni hapa Mbeya baridi haina mzaha. Saa kumi na mbili asubuhi tunakaa sebuleni kwangu, wanne au watano, kila mtu na blanketi lake, ukungu bado umeufunika mlima Loleza. Dakika haijapita, mtu ananong'ona: "Nasikia baridi." Hapo ndipo ninapoanzia kufundisha.

Sikiliza Kiswahili chetu. Wazo limenijia. Usingizi umenishika. Hasira imenipanda. Hasira inakuja, inapanda, inashuka, na yupo anayejiwa. Kwa miaka yangu ya kufundisha tahajudi, yaani kukaa kimya na kutafakari, sijapata mlango mzuri kuliko huo: unakaa ukitazama yanayopita, huyafukuzi wala huyafuati, kisha unamgeukia yule anayetazama.

Aliyeieneza njia hii karne ya 20 ni Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho wa kusini mwa India. Mwaka 1896, akiwa na miaka 16, hofu ya kifo ilimvamia ghafla akiwa Madurai. Akalala chali, akakakamaza viungo kama maiti, akajiuliza: mwili huu ukichomwa, nani atakuwa amekufa? Wiki chache baadaye akaenda mlima Arunachala, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1950.

Wazo likija, uliza: limemjia nani? Utasema, "mimi". Huyo mimi ni nani? Usijibu. Wengi hujikwaa hapa: wanajibu "mimi ni roho", au wanalirudia swali kama wanaovuta tasbihi. Kazi ya swali ni kukugeuza tu, uelekee kule linakochipuka neno "mimi". Ukikuta kimya, baki papo hapo. Wazo jingine litakuja, anza tena. Na usimfanye shahidi, yule anayetazama, kuwa mlinzi aliyekaa kichwani akikuchungulia. Mlinzi huyo naye ni wazo, naye aulizwe.

Mama mmoja muuza viazi, kucha zake bado zina udongo, aliniambia juzi: "Mwalimu, mteja kanipunja elfu kumi. Hasira ikaanzia tumboni, masikio yakawa ya moto. Nikauliza, inampanda nani? Haikuondoka. Ila matusi yaliishia mdomoni." Nilifurahi mno, hasa kwa lile "haikuondoka". Hakunidanganya, na hakujidanganya.

Mwenye msiba mbichi, au anayeona mwili wake kama si wake, simpi swali hili. Huyo naanza naye kwa pumzi na nyayo sakafuni, na namsihi amwone daktari.

Wanyakyusa husalimiana asubuhi "ugonile", umelala? Walimu wa Advaita, falsafa ya Kihindu isemayo nafsi na uhalisia wote ni kitu kimoja, wameutafakari usingizi huo huo huko India kwa karne nyingi. Kesho ukisalimiwa hivyo, ukajibu kwamba umelala fofofo, hukuota chochote, kaa kidogo na jibu lako kabla hujawasha jiko. Fofofo hiyo umeijuaje?