Mafuta yanapomwagika baharini: yanavyowaumiza viumbe waliobaki wachache

Kisima cha baharini kikilipuka au meli ikipasuka mwambani, habari huja na tarakimu mbili: mapipa mangapi yamemwagika na mizoga mingapi imeokotwa ufukweni. Kwa samaki na ndege ambao bado wapo kwa mamilioni, tarakimu hizo zinasaidia kiasi. Kwa kiumbe aliye hatarini kutoweka, hazisemi mengi. Kwake cha kuuliza ni mafuta yamemkuta wapi, akiwa anafanya nini, na wenzake waliobaki ni wangapi.

Kumwagika kwa mafuta baharini ni mafuta ghafi au yaliyosafishwa kuingia majini kutoka kwenye kisima, bomba, meli ya mafuta, au hata tangi la meli isiyobeba mafuta kama shehena. Hilo la mwisho husahaulika, na nitalirudia. Kuwa hatarini kutoweka nako kuna vipimo vyake. Shirika la uhifadhi la IUCN hutunza Orodha Nyekundu, ambayo hupanga spishi kwa kuangalia idadi iliyobaki, kasi ya kupungua, na ukubwa wa eneo zinamoishi. Spishi ikibaki na visiwa viwili vitatu vya kuzalia, tukio moja linaweza kuwakuta karibu wote kwa mpigo.

Mafuta yakishaingia majini hayatulii. Sehemu yake nyepesi hugeuka mvuke ndani ya saa au siku chache, na mvuke huo una sumu. Sehemu nzito hubaki, huchanganyika na maji mpaka ikawa ujiuji mzito wa kahawia, kisha mawimbi huikatakata kuwa mabonge ya lami. Nyingine hushuka chini au kujificha kwenye changarawe ya ufukweni. Tatizo kubwa la siku za mwanzo liko pale juu, kwenye uso wa maji, kwa sababu kasa, nyangumi, pomboo na pengwini wote ni lazima waje hapo kuvuta pumzi.

Mtazame kasa. Akiibuka hutoa pumzi kwa kishindo, huvuta hewa nyingi kwa mara moja, kisha huzama. Mvuke wa mafuta ukiwa umetanda juu ya maji, unaingia wote mapafuni na anazama nao. Kasa wadogo wana shida zaidi. Miaka yao ya mwanzo huishi katikati ya mwani unaoelea uitwao sagasamu, ambao huwapa chakula na maficho. Mikondo ya bahari huusukuma mwani huo mpaka ukajipanga mistari mirefu, na mikondo hiyohiyo husukuma mafuta kwenye mistari ileile. Kwa hiyo kasa hahitaji bahati mbaya ili akutane na mafuta; bahari yenyewe inampelekea. Na kwa kuwa humeza karibu kila kinachoelea mbele yake, mabonge ya lami humwingia mdomoni na kooni.

Ndivyo ilivyokuwa katika Ghuba ya Meksiko. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka ukaua wafanyakazi 11, na kisima kilichokuwa chini yake, kwenye kina cha mita 1,500 hivi, kiliendelea kutapika mafuta kwa siku 87. Serikali ya Marekani ilikadiria kwamba zaidi ya mapipa milioni 4 yalitoka. Ghuba hiyo ndiyo nyumbani kwa kasa wa Kemp, mdogo kuliko kasa wote wa baharini na aliye hatarini kupita kiasi. Historia yake inatisha hata kabla ya mafuta. Filamu iliyopigwa mwaka 1947 katika ufukwe wa Rancho Nuevo, Meksiko, ilionyesha majike wanaokadiriwa kufika 40,000 wakitaga kwa siku moja. Mwaka 1985 viota vya msimu mzima vilikuwa 702. Ufukwe ukalindwa, nyavu za kamba zikawekewa milango ya kasa kutokea, na idadi ikaanza kupanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 2010 mpando huo ukakatika. Wanasayansi wanabishana ni kiasi gani cha anguko hilo kiandikwe kwa mafuta na kiasi gani kwa sababu nyingine, lakini kasi ya zamani haikurudi. Kasa wa Kemp huchukua zaidi ya miaka kumi kupevuka. Kwa hiyo mtoto aliyekufa kwenye sagasamu mwaka 2010 hakuonekana kwenye hesabu ya viota ya mwaka ule. Pengo lake linakuja baadaye sana, wakati kamera zimeshaondoka zamani.

Kwa ndege habari ni ya manyoya. Manyoya ya pengwini yameshikamana kwa vijindoano vidogo vinavyozuia maji yasifike kwenye ngozi. Mafuta yanavigandisha, maji baridi yanapenya, na ndege anaanza kupoteza joto. Anajisafisha kwa mdomo, kama ilivyo tabia yake, na kila akijisafisha anameza. Tumbo linachubuka, damu inapungua nguvu. Wengi hutoka majini kuja kujipasha joto, na huko nchi kavu hawana chakula.

Matukio mawili ya pengwini yanafaa kuwekwa pamoja. Juni 2000 meli iitwayo Treasure, iliyobeba madini ya chuma, ilizama karibu na visiwa vya Robben na Dassen, Afrika Kusini, ikamwaga takriban tani 1,300 za mafuta yake ya injini. Pengwini wa Afrika wapatao 19,000 walipakaa mafuta. Wengine zaidi ya 19,000, waliokuwa bado safi, walikamatwa, wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa karibu na Port Elizabeth, mamia ya kilomita kutoka nyumbani, ili warudi kwa kuogelea huku bahari ikisafishwa. Watatu waliofungwa vifaa vya setilaiti, walioitwa Peter, Pamela na Percy, walifuatiliwa njia nzima na watu waliokuwa wakisubiri habari zao kila siku. Kati ya waliopakaa, zaidi ya tisa katika kila kumi walirudishwa baharini wakiwa hai.

Kumwosha pengwini si kumtia kwenye beseni akakurupuka msafi. Kwanza hupewa maji na chakula mpaka apate nguvu, maana kuoshwa kwenyewe kunaweza kumuua. Kisha anashikwa imara, manyoya yanasuguliwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mpaka kwenye macho kwa mswaki. Halafu inakuja kazi ndefu ya kusuuza, kwa sababu sabuni ikibaki nayo inaharibu kinga ya maji vilevile kama mafuta. Hatoki kituoni mpaka aogelee bwawani na kutoka mkavu kwenye ngozi.

Sasa tukio la pili. Machi 2011 meli ya Oliva, iliyobeba soya kutoka Brazili, ilipanda mwamba wa kisiwa cha Nightingale, katika visiwa vya Tristan da Cunha katikati ya Atlantiki ya Kusini. Hapo huzaliana pengwini wa rockhopper wa kaskazini, spishi iliyo hatarini. Wakazi wa Tristan, ambao hawafiki hata 300, waliwakusanya pengwini wapatao 3,700 na kuwatunza mpaka kwenye bwawa lao la kuogelea. Walionusurika na kuachiwa hawakufika 400. Wakazi walijituma kwa hali na mali. Ila Cape Town, ambako kuna vifaa na wataalamu, iko umbali wa zaidi ya kilomita 2,700 na hakuna uwanja wa ndege kisiwani. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ndege waliopakaa mafuta huokolewa, muulize: wako umbali gani kutoka bandari yenye kituo?

Kuna madhara yasiyoacha hata doa. Januari 2001 meli ndogo iliyoitwa Jessica ilikwama katika visiwa vya Galápagos ikiwa imebeba dizeli na mafuta ya meli. Upepo na mikondo ilipeleka sehemu kubwa nje ya visiwa, na watu wengi wakashusha pumzi: mizoga ilikuwa michache. Lakini watafiti waliokuwa wakiwafuatilia iguana wa baharini, mijusi wakubwa wanaokula mwani, katika kisiwa cha Santa Fe waligundua kwamba ndani ya mwaka mmoja asilimia 62 ya iguana hao walikuwa wamekufa, ingawa mafuta yaliyowafikia yalikuwa kidogo tu. Maelezo waliyoyaona yanaelekea zaidi kuwa kweli ni kwamba mafuta yaliua bakteria wa matumboni wanaomeng'enya mwani. Iguana walikula kama kawaida na wakafa njaa. Mimi nikisikia msemaji akitangaza kwamba kilichomwagika ni kidogo na kimekwisha kutawanyika, humkumbuka iguana wa Santa Fe.

Kwa wanyama wanaonyonyesha, pigo hujificha kwenye uzazi. Waliopimwa vizuri zaidi ni pomboo wa ghuba ya Barataria, Louisiana. Kama spishi hawako hatarini, lakini miili yao ni ushahidi wa yale yanayoweza kuwapata nyangumi wasioshikika. Baada ya mafuta ya 2010 walikutwa na maradhi ya mapafu na tezi za juu ya figo zisizotoa homoni za kutosha, na kati ya majike waliokuwa na mimba, ni mmoja tu katika kila watano aliyezaa mtoto akaishi. Mzigo huo ukiuhamishia kwa nyangumi wa Rice, unaona uzito wake. Nyangumi huyu anaishi Ghuba ya Meksiko tu, hasa ukanda mwembamba wa kaskazini mashariki. Mwaka 2010 hakuwa hata anatambuliwa kuwa spishi. Alihesabiwa kama tawi la nyangumi wa Bryde, na alipewa jina lake mwaka 2021. Waliobaki hukadiriwa kuwa chini ya 100. Tathmini ya serikali ya Marekani ilisema mafuta yalifunika karibu nusu ya makazi yake, na kwamba idadi yake ingeshuka kwa kiwango kinachoweza kufika asilimia 22. Waliokadiria hivyo hawakuwa na rundo la mizoga mbele yao. Utafiti mmoja kuhusu nyangumi na pomboo wa ghuba hiyo ulikisia kwamba kwa wastani mizoga 2 tu katika kila 100 huonekana. Mingine huzama, huliwa, au huelea mahali pasipo mtu.

Pengine mfano mchungu kuliko yote ni wa orka, yaani nyangumi wauaji, wa kundi la AT1 huko Alaska. Meli ya Exxon Valdez ilipokwama tarehe 24 Machi 1989 na kumwaga takriban lita milioni 41 katika Prince William Sound, kundi hilo lilikuwa na orka 22. Baada ya hapo 9 walitoweka. Leo wamebaki 7 hivi, na hakuna mtoto aliyeonekana kwao tangu 1984. Angalia mwaka huo: uzazi ulisimama miaka mitano kabla ya mafuta. Kundi lilikuwa limeshachoka, na miili yao ilikuwa na sumu nyingine za viwandani. Mafuta hayakuwa chanzo cha kila kitu. Yaliondoa akiba ndogo ambayo ingewawezesha kuinuka. Wako hai, wanawinda, wanaonekana na watalii, ila kama kundi hawana kesho.

Katika bahari ileile, mafuta yaliyojificha chini ya changarawe yaliendelea kuwafikia fisimaji wa baharini kwa miaka mingi, kwa sababu fisimaji huchimba mchangani kutafuta chaza. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kabla ya kusemwa kwamba wamerudi kwenye idadi yao ya awali. Mayai ya samaki nayo hudhurika kwa viwango vya chini sana: kemikali za mafuta huvuruga mapigo ya moyo unaoanza kuumbika, na kifaranga anayeangua akiwa na moyo ulioharibika haogelei vya kutosha kukimbia adui.

Dawa za kutawanya mafuta ni mjadala mwingine. Huvunja utando kuwa matone madogo yanayozama, kwa hiyo ndege na kasa walio juu hupata nafuu, lakini samaki wachanga na matumbawe yaliyo chini hupokea kilichokuwa juu. Mwaka 2010 zilitumika karibu lita milioni 7. Kuzitumia ni kuchagua nani aumie, na ni afadhali uchaguzi huo ufanywe mapema, ramani ya mazalia ikiwa mezani, kuliko usiku wa ajali.

Meli za mafuta zenyewe zimepunguza ajali. Miaka ya 1970 zilikuwa na wastani wa karibu matukio 80 kwa mwaka ya kumwaga zaidi ya tani 7. Miaka ya 2010 wastani ulikuwa kama 6. Meli kujengwa kwa kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na sheria kali vimesaidia. Lakini rudi kwenye majina: Treasure ilibeba chuma, Oliva soya. Zilichomwaga ni mafuta ya injini zao, na hazikuwa na safari yoyote kwenye visiwa vile, zilikuwa zinapita. Kwa spishi iliyobaki kwenye kisiwa kimoja, kinga rahisi kuliko zote ni kuzisogeza njia za meli mbali. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, lina uwezo wa kuweka maeneo ya kuepukwa na meli, na mwaka 2005 liliitambua Galápagos kuwa eneo nyeti la bahari. Kuongeza kilomita kadhaa kwenye safari ya wiki tatu ni gharama ndogo.

Pengwini wa Afrika waliookolewa mwaka 2000 nao hawakuishia salama. Tangu hapo wamepungua vibaya, zaidi kwa kukosa dagaa na samaki wengine wadogo, na Oktoba 2024 waliingizwa kwenye ngazi ya walio hatarini kupita kiasi. Tani 1,300 zile zikimwagika leo mahali palepale, zitaangukia kundi dogo zaidi.