Je, wajua kwa nini chumvi kidogo hugeuza jeli ya nywele kuwa maji?

Katika soko la mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi, muuzaji anayetaka kuisifia jeli yake hulipindua kopo mbele ya mteja. Jeli haisogei. Hata vipovu vya hewa vilivyonaswa ndani yake vinabaki palepale. Mteja anaridhika: nzito hivi, lazima ina mafuta mengi na itashika nywele vizuri.

Sivyo. Jeli ya namna hiyo, ile inayopitisha mwanga, kwa sehemu kubwa ni maji. Na kinachoshika nywele mara nyingi si kile kinacholeta uzito, bali ni polima (molekuli ndefu kama uzi) iitwayo PVP, ambayo maji yakikauka hubaki juu ya unywele ikiwa utando mwembamba mgumu. Kiwanda kinaweza kuongeza uzito bila kugusa nguvu ya kushika, na kinyume chake. Kopo lililopinduliwa halisemi lolote kuhusu siku ambazo mtindo utadumu. Losheni nayo ni hivyo hivyo: miezi ya baridi kavu, ngozi inapopauka, watu huchagua iliyo nzito zaidi, ilhali kinacholainisha ngozi ni mafuta na gliserini iliyomo, wala si ule uzito.

Uzito wenyewe huletwa na polima nyingine, unga mweupe, mwepesi mno, ambao kwenye kopo huandikwa Carbomer. Kampuni ya matairi ya Marekani, B.F. Goodrich, ndiyo iliyouingiza sokoni katika miaka ya 1950. Chini ya gramu 1 hutosha kugandisha gramu 100 za maji, jambo ambalo mimi bado linanistaajabisha.

Fikiria chumba kilichojaa watu waliolala chini usiku wa baridi. Kila mmoja amejikunja, kwa hiyo unapita katikati yao bila taabu. Ndivyo nyuzi za kabomeri zilivyo zinapotiwa majini mara ya kwanza: zimejikunja, na maji yenye asidi yanatiririka. Kisha fundi anaongeza alkali kidogo. Asidi inapungua, na kila uzi unapata chaji hasi sehemu nyingi za mwili wake. Chaji zinazofanana husukumana, kwa hiyo uzi unalazimika kujinyoosha. Ni kama joto limeingia chumbani na wote wakanyoosha mikono na miguu: watu ni walewale, lakini njia ya kupita haipo tena. Maji hayawezi kutiririka, na kipovu hakina nguvu ya kujipenyeza kwenda juu.

Chumvi hurudisha baridi. Chembe za sodiamu zenye chaji chanya huzizunguka zile chaji hasi, msukumano unafifia, nyuzi zinajikunja. Weka jeli kijiko kimoja kwenye kisahani, nyunyiza chumvi ya jikoni, koroga: inalegea papo hapo na kuanza kutiririka. Hata chumvi ya jasho inatosha kuidhoofisha, na ndiyo sababu mojawapo ya losheni nzito kuyeyuka ghafla ikigusa ngozi.

Jaribio hili halifai kwa kila kopo. Jeli iliyoongezwa uzito kwa polima zinazotokana na selulosi (nyuzi za mimea), ambazo nyingi hazina chaji, huivumilia chumvi vizuri zaidi, na inaweza kubaki nzito vilevile hata ukikoroga kwa muda.